UZI: Riwaya za vijana (fantasia na thrila), tuache kuandika "kikali sana", tuchambue. Watu wa Mwanza karibuni

Mvuvi wa Kurasa (mleta uzi)

Wakuu, wadau, na nyie wanafunzi mnaosoma hapa kwa simu za wazazi, salama?

Huku kwetu Nyakato kuna kakundi ka vijana wa sekondari, wengi wako kidato cha pili mpaka cha nne na wachache wa advansi (kidato cha tano na sita), tunabadilishana riwaya. Sheria ni moja tu, ukirudisha kitabu lazima useme kitu. Sasa kila nikiuliza "vipi, umekionaje?" naambiwa "kikali sana bro". Kikali kivipi? "Kikali tu." Nikasema hawa ni madogo watakua, nikaingia kwenye magrupu ya watu wazima wenye ndevu zao nakuta yaleyale, mtu kapiga picha jalada pembeni ya kikombe, kaweka nyota tano, halafu anasimulia hadithi yote kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka muuaji. Huo sio uchambuzi wakuu, huo ni umbea wa kitabu.

Mimi nina maswali mawili tu na ndo nayatumia kwa madogo. Kikiwa fantasia, yaani cha uchawi na maajabu, nauliza: nguvu za humu ndani zina bei gani? Kikiwa thrila, yaani cha mauaji na upelelezi, nauliza: mwandishi kanificha kihalali au kaniibia?

Hilo la bei sikulitoa kwenye semina. Hadithi zetu zote za usiku ziko hivyo, ukipewa nguvu unapewa na mwiko wake, ukiuvunja umekwisha. Angalia hata Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze, nduguze wanageuzwa manyani kwa ubaya wao, sawa, ila Adili mwenyewe anaamriwa awachape kila usiku la sivyo yatamkuta yeye. Aliyeonewa ndo anabebeshwa kiboko! Hapo ndo utamu wa kitabu ulipo. Sasa ukikutana na fantasia ambayo dogo anarusha moto sura ya tatu, anarusha moto sura ya kumi, haumwi kichwa, hapotezi kitu, yaani ni kama ana salio lisiloisha, hiyo uitupe pembeni hata kama jalada linang'aa.

Naanza na Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kilitoka 2018. Hiki ndo kinazunguka sana kwenye kundi letu na kimechanika gamba. Msichana anaitwa Zélie, mfalme Saran aliwaua watu wenye uchawi akiwemo mama yake, waliobaki ni watoto wao wenye nywele nyeupe ambao wanadharauliwa na kutozwa kodi za ajabu. Nachowaambia ni mwanzo tu, msiogope. Zélie anakaa kijiji cha wavuvi kilichojengwa juu ya maji. Askari wanakuja kudai kodi, familia haina, inabidi yeye na kaka yake wapeleke samaki mmoja wa bei mbaya mjini wakamuuze. Aisee wale madogo walivyofika hapo hawakuhitaji kuelezwa chochote. Mmoja mama yake anauza dagaa mwaloni Kirumba, pale samaki wanaposhushwa, akasema "huyu mwandishi amewahi kufika huku?" Hajafika huku, ila kodi na samaki na askari ni lugha moja kwenye maji yote.

Bei ya nguvu humo ipo, Zélie akitumia uchawi wa damu mwili wake unalipa na unaona unalipa. Wanapokezana kusimulia watu watatu, Zélie, binti mfalme Amari na kaka yake Inan, na Amari ndo aliyenikamata mimi, maana anaanza ni muoga kabisa wa baba yake na uoga wake haufutwi kwa sura moja. Nachokilaumu ni mapenzi. Jamani mtu aliyekuwa anakuwinda kukuua juzi, leo mnaangaliana machoni? Mwandishi alikuwa na haraka. Yule wa kidato cha tatu aliyeniambia "mapenzi yao yameiva kabla ya maji kuchemka" nikamwambia wewe sasa ndo umechambua.

Ntaendelea, napanda daladala.

Bwiru Juu

Mkuu umenikumbusha mbali. Ila nikuulize, hizi za young adult si biashara tu ya wazungu? Sisi tumekua na mpelelezi Willy Gamba wa Musiba, tumesoma Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, tukaja kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na tulikuwa na miaka kumi na nne hakuna aliyetuwekea shelfu ya vijana. Tulivisoma chini ya dawati na tukaelewa vizuri mno. Mnawalegeza watoto.

Mama wa Igoma

Bwiru Juu hicho "tukaelewa vizuri mno" ndo kinanitisha 😂 maana mle ndani ya Willy Gamba kuna mambo.

Pdf Tafadhali

Mwenye pdf ya hiyo ya Zélie atupie hapa

Mvuvi wa Kurasa (mleta uzi)

Nimefika. Bwiru Juu shikamoo kaka, hoja yako nzito na sikatai kwamba neno young adult ni la wachapishaji kupanga mauzo. Na mimi nimesoma Willy Gamba mpaka kurasa zikatoka. Ila angalia kitu kimoja, Willy Gamba ni mtu mzima, ana bastola, ana tiketi ya ndege, ana bosi wa kumpigia simu. Wewe wa miaka kumi na nne ulikuwa unamtazama kutoka chini. Kwenye hizi za vijana mwenye msala ni wa umri wako, hana gari wala bastola, kesho ana mtihani wa hesabu na mama kamwambia arudi kabla ya magharibi. Hiyo inabadilisha hadithi nzima, kwa sababu kila anachotaka kufanya lazima kwanza amzunguke mtu mzima.

Halafu Musiba na Mtobwa hawakuwa wanakupa fumbo, walikuwa wanakupa mbio. Unajua mapema nani mbaya, swali ni atakamatwaje. Fumbo la kweli kwa Kiswahili nenda kwa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, pale mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum pembeni. Yule anakuachia vitu mezani, unavipita, mwishoni anakuonyesha ulivyovipita, unajiona mjinga kwa furaha. Hiyo ndo naiita kufichwa kihalali.

Sasa thrila za siku hizi. A Good Girl's Guide to Murder ya Holly Jackson, 2019, Uingereza. Binti anaitwa Pip anachagua kesi ya mauaji ya mji wao iwe mradi wake wa shule. Msichana alipotea miaka mitano nyuma, mwili haukupatikana, kijana aliyekuwa mpenzi wake akaaminika ndo kaua, naye akakutwa amekufa, kesi ikafungwa. Pip haamini. Uzuri wake ni kwamba humo ndani kuna kurasa za madaftari yake, mahojiano kama yalivyorekodiwa, orodha ya washukiwa, yaani makaratasi aliyonayo yeye na wewe unayo. Akikosea mnakosea wote. Kwa upande wa uhalali naipa maksi za juu kabisa. Na ile familia ya kijana aliyeshukiwa, wana asili ya India, jinsi mji ulivyowafanyia baada ya hapo, hicho ndo kipande kizito kuliko fumbo lenyewe, wachambuzi wengi wanakiruka wakikimbilia muuaji.

One of Us Is Lying ya Karen McManus, 2017, Marekani. Hii ndo imeniletea mjadala. Wanafunzi watano wanawekwa adhabu darasani baada ya masomo, mmoja anaitwa Simon ana programu ya kutoa siri za watu shuleni, anakunywa maji kwenye kikombe, anaanguka, anakufa. Mzio wa karanga, na sindano zake za dharura hazipo zinapotakiwa. Hapo sijaharibu kitu, ni sura ya mwanzo.

Dogo wa kwanza niliyempa akarudi siku ya pili. "Bro, karanga inaua mtu?" Nikacheka ila yeye hakuwa anacheka. Huku karanga ziko kwenye mboga za majani, ziko kwenye kisamvu, zinauzwa kila kona ya stendi kwenye vikaratasi. Alikuwa ameamini kabisa kuna sumu imefichwa na "karanga" ni kisingizio cha polisi, kwa hiyo kurasa mia nzima alikuwa anatafuta sumu ambayo haipo! Na hiyo sindano hakuwa na habari nayo. Sasa niambieni, hapo mwandishi kamficha kihalali? Kwa msomaji wa California ndiyo, kila shule yao wanajua habari ya karanga. Kwa huyu wa Nyakato ameingia mechi ya mpira hajaambiwa goli liko wapi. Siku hizi nikikitoa hicho kitabu namwambia mtu kabisa, karanga inaua baadhi ya watu, na sindano ile ni ya kuwaokoa, nenda kasome. Na ukiandika mapitio kwa ajili ya wasomaji wa huku nadhani hiyo ndo sentensi ya kwanza ya kuandika, kabla ya nyota.

Mkolani Boy

Hii point ya karanga imenipiga. Mi niko advansi mchepuo wa sayansi, PCB, na nilidhani mzio ni kuwashwa tu. Kuna jamaa bwenini alikisoma chote akasema stori haina mantiki, kumbe ndo hiyo hiyo.

Mama wa Igoma

Mvuvi mdogo wangu, mimi nina binti wa miaka kumi na mbili anasoma sana, na nina kaka yake wa kumi na sita ambaye hasomi kabisa mpaka umfunge. Nipe moja moja. Na tafadhali uniambie ukweli vina nini ndani, sitaki kushtukia.

Pdf Tafadhali

Wakuu pdf jamani

Bwiru Juu

Wewe pdf pdf, mwandishi yuko hai anakula kwa hicho kitabu. Nenda hata Maktaba ya Mkoa ukaulizie, au vibanda vya mitumba vinakuja vitabu vya kila aina ukichambua kwa uvumilivu.

Mvuvi wa Kurasa (mleta uzi)

Dada, kwa binti nakupa Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011. Na hiki naomba nikiongelee polepole.

Mhusika ni Sunny, umri uleule wa binti yako, miaka kumi na mbili, kazaliwa Marekani wazazi Wanigeria, wanarudi kukaa Aba. Sunny ana ualbino. Anapenda mpira kupita kiasi na ni fundi, ila jua linamuunguza, hivyo mchana anabaki kuwatazama wenzake. Anakuja kugundua ni mmoja wa watu wenye nguvu, wanaitwa Watu wa Chui, anajifunza pamoja na wenzake watatu, na nje huko kuna mtu anateka watoto na kuwaua kwa mambo ya kishirikina.

Sasa kisome hicho ukiwa Kanda ya Ziwa. Sina haja ya kueleza sana, wote tunakumbuka kuanzia miaka ya 2007 na 2008 hivi mambo yaliyofanyika kwa ndugu zetu wenye ualbino Mwanza, Geita, Shinyanga, watoto wakahamishiwa shule za bweni kwa ajili ya usalama tu. Hapa fantasia inageuka kitu kingine. Kwa msomaji wa London lile jambazi la Sunny ni la kitabuni. Kwa huku kuna watu bado wanakumbuka kufunga milango. Na ndo maana naona ni cha maana kwamba humu ndani mwenye ualbino hafi sura ya pili ili wengine walie. Yeye ndo kitabu. Anakasirika, anakosea, anajisifu, anapiga chenga, anagombana na kaka zake. Kwenye kundi letu kilisomwa na msichana mmoja mwenye ualbino, sikumuuliza kitu, alivyokirudisha akauliza tu cha pili kipo? Cha pili kipo, Akata Warrior, 2017, na cha tatu Akata Woman, 2022.

Bei ya nguvu humo imepangwa kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Wale watu ukijifunza kitu kweli, hela zinakudondokea kutoka hewani, zinaitwa chittim. Unalipwa kwa kuelewa! Madogo waliipenda hiyo kufa. Ila adhabu nazo ni kali na watu wazima wa mle wanawatuma watoto kwenye hatari kwa utulivu unaoudhi, mimi hilo lilinikera na bado linanikera, naona mwandishi alilitaka hivyo ila hakulipambania vya kutosha. Kiingereza chake chepesi. Mauaji ya watoto yapo kwenye stori ila hayaoneshwi kwa kina, kaa naye muongee.

Kwa kaka mtu wa kumi na sita, City of Saints & Thieves ya Natalie Anderson, 2017. Tina na mama yake wamekimbia vita Kongo, wapo mji wa kubuni pwani ya Kenya, mama anafanya kazi za ndani kwa tajiri wa madini, siku moja anakutwa kapigwa risasi ofisini kwa huyo tajiri. Tina anaamini tajiri ndo kaua. Anaingia kwenye genge la vibaka, anakuwa mwizi haswa, anasubiri siku ya kulipiza. Kila hatua ana kanuni zake za wizi. Kuna Kiswahili kimechanganywa mle, kuna dhahabu, kuna watu wazito wanaojulikana na hawaguswi. Asiyesoma atasoma, nakuhakikishia. Mwandishi ni Mmarekani aliyefanya kazi na wakimbizi na inaonekana, ingawa sehemu chache anaeleza mambo kama anamweleza mtalii. Tahadhari: kuna vita na wanawake kudhalilishwa kijinsia, kwa hiyo yule mdogo asikiguse kwanza. Kuhusu fumbo, alama zote zipo wazi na nyingi msomaji wa huku anaziona mapema kuliko msomaji wa Ulaya, maana anajua mkimbizi anaogopa nini na tajiri wa madini anaongeaje na polisi.

Mkolani Boy

Sasa mkuu naomba nitupie kitu, msinicheke. Mimi naandika. Nina stori mbili. Ya kwanza, kijana wa kisiwa cha Ukara, lile jiwe lao linalocheza siku moja linagoma kucheza, na yeye ndo anasikia linavyoongea. Ya pili ni thrila, mvuvi wa dagaa anapotea ziwani, wenzake wanne wanasema alishuka kisiwani akiwa mzima. Mdogo wake wa kidato cha tatu hawaamini. Muuaji ni tajiri wao mwenye mitumbwi. Vipi?

Bwiru Juu

Tajiri mwenye mitumbwi nimemjua kabla sijamaliza sentensi yako.

Mvuvi wa Kurasa (mleta uzi)

😂 Bwiru Juu mpole basi. Mkolani hongera kwanza, unaandika mambo ya kwenu bila kuomba ruhusa.

Ya jiwe: kusikia jiwe linaongea kunamtoa nini kijana? Akilisikia jiwe aache kusikia nini? Sauti ya mama yake? Lugha yake? Ukipata jibu una kitabu, usipopata una wazo tu. Na usiogope kuchukua miundo ya huku, Wasukuma tuna hadithi ya dogo Masala Kulangwa na lile dubwana Shing'weng'we lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mwenye mimba. Dogo aliyezaliwa dunia imeshamezwa, aanzie wapi? Hiyo ni fantasia ya vijana kabla ya shelfu ya vijana kuwepo.

Ya mvuvi: Bwiru Juu yuko sahihi, tajiri usimfanye muuaji, au mfanye tumshuku mapema kisha utuondoe. Unachokosa ni alama ya kihalali. Wale wanne wanadai walikuwa ziwani usiku ule wanafanya nini?

Mkolani Boy

Wanavua dagaa si ndo kazi yao

Bwiru Juu

Usiku gani? Mwezi ulikuwaje?

Mvuvi wa Kurasa (mleta uzi)

KAKA. Umemaliza kila kitu.

Mkolani sikia. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, watu wanapumzika pwani wanashona nyavu. Kila mtoto wa mwaloni anajua. Sasa weka sura ya kwanza kabisa dogo anatembea kwenda kuchota maji usiku bila tochi, anaona kivuli chake mwenyewe mchangani, andika kwa uzuri na upite usirudie. Sura ya nne wale wanne wanatoa maelezo polisi kwamba walikuwa wanavua. Usiseme kitu. Acha msomaji apite. Wa huku nusu yao watashtuka wenyewe, nusu watapita, na mwishoni hakuna atakayekulaumu. Wa London hatashtuka hata kidogo na safari hii yeye ndo atauliza mwezi unahusikaje, kama sisi na karanga.

Mkolani Boy

Daah. Nafuta sura tatu leo leo.

Mama wa Igoma

Usifute, hifadhi pembeni. Mvuvi hicho cha Sunny kipo au kimetoka? Jumamosi napita Buzuruga na binti.

Mvuvi wa Kurasa (mleta uzi)

Kipo dada, kinarudi Ijumaa. Ila mwambie sheria, neno "kikali" halipokelewi.

Pdf Tafadhali

Na mimi naweza kuja Jumamosi? Niko Mabatini